Fizikia Katika Lahani ya Kuazima

Mwambao wetu una desturi ya kale ya kuivika lahani ya zamani maneno mapya. Mtunzi huusikia wimbo uliokwisha kukaa masikioni mwa watu, akaiacha sauti yake ilivyo, akabadili maneno tu. Wapo wanaoiita kazi hii mwigo, na wapo wanaoiita tashtiti, kwa kuwa mara nyingi huja na kicheko ndani yake. Mimi katika makala haya nitaiita kupachika, kwa sababu ndilo neno tulilolitumia darasani. Nakusudia kuwaeleza wapenzi wa lugha historia fupi ya kupachika elimu ya fizikia katika lahani za watu, kwetu na ng'ambo, kisha niulize swali ambalo naona linawahusu washairi zaidi ya linavyowahusu walimu: istilahi ya sayansi hukomaa kwa kuandikwa katika kamusi, au hukomaa kwa kuimbwa?

Naandika nikiwa mwalimu mstaafu wa fizikia. Mafunzo yangu ya ualimu niliyapata Chang'ombe, wilayani Temeke, mahali ambapo tangu mwaka 2005 pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam. Miaka yangu ya kazi niliigawa baina ya shule za Temeke na za Kinondoni. Nitakayoyasema juu ya darasa ni ya mtu aliyesimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Nitakayoyasema juu ya historia ni ya kumbukumbu za wazi, ambazo msomaji mwenye nafasi anaweza kuzifuatilia.

Chombo na shehena

Elimu ya vitu vinavyopimika, yaani nyota, pepo na masafa, ilisafiri ndani ya ushairi wa Bahari ya Hindi kabla ya shule za kisasa. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 mwenyeji wa Julfar katika Ghuba, aliiandika elimu yake ya ubaharia kwa Kiarabu, na sehemu kubwa aliitunga kwa vina na mizani. Utungo wake mmoja, unaoitwa Sufaliya, waeleza njia ya bahari hadi Sofala, na mwambao wetu pamoja na Kilwa umo ndani yake. Sababu ya nahodha kutunga badala ya kuandika orodha si ngumu kuiona. Usiku wa dhoruba haumpi mtu nafasi ya kufungua kitabu. Elimu iliyotungwa hukaa kinywani, nayo hujilinda yenyewe, kwa kuwa neno likipotea, mizani hupwaya na msemaji hujua kwamba amekosa kitu.

Waswahili nao walikuwa na utenzi. Ubeti wenye mistari minne ya mizani nane ulibeba visa vya vita, maisha ya mitume na mawaidha ya mzazi kwa mwana, kama tuonavyo katika Utendi wa Mwana Kupona wa katikati ya karne ya 19. Aliyeijua lahani moja ya utenzi aliweza kuighani kazi nyingine yoyote ya bahari hiyo. Hakuna aliyelalamika kwamba lahani imeibwa. Lahani ilikuwa chombo, na chombo hakiulizwi kwa nini jana kilipakia tende na leo kimepakia boriti.

Desturi hiyo ikaendelea katika taarab. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, aliuimba kwa Kiswahili muziki ambao hapo awali ulisikika zaidi kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Baadaye, Mombasa, Juma Bhalo alipata sifa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi. Wasikilizaji waliokuwa wameitazama filamu hawakuona wamepunjwa. Furaha yao ilizidi kwa kuwa waliijua lahani na sasa walingoja kuona mshairi ataipakia nini.

Bara na pwani palikuwa pia na beni, ngoma iliyotokana na bendi za kijeshi za Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, yenye tarumbeta, gwaride na vyeo. Dar es Salaam ilijua vyama viwili vya beni vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Wanahistoria wamebishana kama beni ilikuwa kejeli kwa mkoloni au ilikuwa kumhusudu. Nadhani ubishi huo wenyewe unatufundisha kitu: anayepachika huweza kucheka na kujifunza kwa wakati mmoja. Na kama kuna mtu bado anaona kupachika ni mchezo wa watoto, na akumbuke wimbo wetu wa taifa. Lahani yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897. Sisi tukaipa maneno ya Kiswahili, na Zambia nao wakaipa maneno yao. Watu husimama wima kwa heshima mbele ya lahani iliyoazimwa.

Mskoti na neno lenye maana mbili

Katika fizikia, mfano maarufu wa kupachika unatoka Uskoti, na aliyepachika hakuwa mtu mdogo. James Clerk Maxwell, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1831 na kufariki mwaka 1879, ndiye aliyeunganisha umeme, sumaku na nuru katika nadharia moja. Mtu huyo huyo alipenda kutunga mashairi ya utani, na mojawapo alilipachika katika wimbo wa Robert Burns, mshairi ambaye Waskoti humweka mahali ambapo sisi humweka Shaaban Robert. Wimbo wa Burns unazungumzia watu wawili wanaokutana njiani shambani. Maxwell akawatoa watu, akaweka vitu viwili vigumu vinavyogongana angani, na kuuliza vitaelekea wapi baada ya kugongana. Utungo huo umo katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1882.

Ufunguo wa utani huo ni neno moja. Kiingereza kina neno moja kwa mwili wa mtu na kwa kitu chochote chenye tungamo kinachochunguzwa na mwanafizikia. Maxwell hakulazimika kuvuta chochote: aliacha neno la Burns mahali pake, likaanza kusema fizikia. Mimi nilijaribu mara kadhaa kuwaeleza wanafunzi wangu utani huu kwa Kiswahili, na kila mara kicheko kilikufa, kwa kuwa sisi husema mwili kwa mtu na gimba kwa jiwe au sayari. Nikajifunza kwamba utani wa namna hii hauhamishwi kutoka lugha hadi lugha. Kila lugha ina milango yake ya siri, na mwalimu hana budi kuitafuta iliyo katika lugha yake.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 1959 Tom Lehrer, mwanahisabati na mwimbaji wa tashtiti, alichukua lahani ya Arthur Sullivan kutoka opera ya mwaka 1879 na kuipachika majina ya elementi zote 102 zilizojulikana wakati ule. Ni kazi ya ustadi mkubwa, nayo huimbwa mbio mpaka mwimbaji akakosa pumzi. Lakini mpangilio wa majina unafuata vina, haufuati jedwali la elementi. Msikilizaji hutoka na majina mengi bila kujua kwa nini elementi moja ni jamaa wa nyingine. Nusu karne baadaye, Mkanada Tim Blais akaupachika wimbo wa Adele maelezo ya chembe ya Higgs mwaka 2012, na mwaka uliofuata akapachika nadharia ya nyuzi katika wimbo maarufu wa kundi la Queen. Blais hujitahidi kufuata hoja, hatua kwa hatua. Basi tuna aina mbili za kupachika: ule unaotunza majina na ule unaotunza sababu. Tofauti hiyo tuishike, maana tutarudi kwake.

Lugha mbili, darasa moja

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania Bara, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kazi ya istilahi ikashika kasi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo ilikuwapo Tume ya Makweta, iliyoundwa mwaka 1980 na kutoa taarifa yake mwaka 1982. Ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mimi na wenzangu tuliingia kazini katika miaka ya pendekezo hilo, tukiwa tumeandaliwa nia kwa lugha moja na vitabu kwa lugha nyingine.

Matokeo yake yaeleweke kwa asiyewahi kufundisha. Mtoto wa Mbagala au wa Tandale husoma sayansi darasa la saba kwa Kiswahili. Anajua mwendokasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Anajua nishati haipotei. Anapoingia kidato cha kwanza, elimu yake yote hubadilishwa majina. Anakuwa kama mtu aliyehamia mtaa wa pili na kukuta majirani wale wale wamepewa majina mapya, na haruhusiwi kuwaita kwa ya zamani. Wengi hunyamaza, na mwalimu mgeni hudhani hawajui kitu.

Hapo ndipo nyimbo zilipoingia, bila sera wala semina. Wanafunzi wetu wote walikuwa wamekulia katika mchakamchaka. Kila mmoja alijua namna kiongozi anavyotupa mstari na kundi linavyoupokea, huku miguu ikihesabu. Vijana wakaanza kupachika kanuni za fizikia humo. Kiongozi alitupa jina la Kiswahili, kundi likaitikia kwa jina la Kiingereza. Mzunguko wa pili wakageuza. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kufanya hivyo. Walichukua chombo kilichokuwa karibu na mkono, kama alivyofanya Juma Bhalo, wakavusha shehena yao ng'ambo ya pili. Wengine walitumia lahani za kwaya za makanisani, wengine za kasida, wengine za muziki wa dansi uliosikika kutoka kumbi za mtaani kila mwisho wa juma.

Mkokoteni wa sokoni

Kwa washairi, sehemu yenye faida zaidi ni ile iliyofuata, pale wanafunzi walipotoka katika kutaja majina na kutaka kutunga kanuni yenyewe. Kanuni ya pili ya Newton yasema kwamba kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Mwanafunzi mmoja mwepesi wa vina alileta mstari huu: "Kani ndiyo mchapuko". Uhesabu: mizani nane kamili. Unaimbika vizuri, unakumbukika, na si kweli hata kidogo.

Nikauandika ubaoni, nikawauliza darasa. Ukiusukuma mkokoteni mtupu kwa kani fulani, kisha ukausukuma uliojaa viazi kwa kani ile ile, je, yote miwili huchapuka sawa? Asiyejua jibu hilo hajawahi kupita soko la Tandika alfajiri. Tukaweka hesabu, tukiacha msuguano kando: tungamo la kilo 50 likipata kani ya nyutoni 100, mchapuko ni mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde. Ongeza tungamo liwe kilo 100, kani ibaki nyutoni 100, na mchapuko hushuka kuwa 1. Basi kani na mchapuko si kitu kimoja, na mstari ule, kwa uzuri wake wote, ulikuwa umelimeza tungamo ili mizani itoshe. Kazi ya pamoja ikazaa ubeti huu, ambao naunukuu kwa kuwa nilishiriki kuutunga:

Tungamo na mchapuko, zidisha upate kani,
Mkokoteni wa soko, ukijaa vitu ndani,
Hauendi kwa kicheko, wadai jasho usoni,
Kani ikibaki ile, mchapuko hupungua.

Sidai kwamba ni ushairi mkubwa. Lakini tazameni kilichotokea. Mstari wa kwanza una kanuni nzima, hesabu na yote. Kituo kina matokeo yake. Mistari ya kati ina kitu ambacho kila mtoto wa Temeke amekiona. Mwanafunzi aliyeujua ubeti aliweza kujibu swali ambalo halikuwa ndani ya ubeti: je, tukipunguza mzigo nusu? Huo ndio mtihani wa kupachika kunakotunza sababu. Wimbo mzuri wa fizikia humwezesha mwimbaji kutabiri, na wimbo unaomwacha mahali alipokuwa, hata ukiwa mtamu, ni orodha iliyovaa nguo za sikukuu.

Jambo la pili liliwahusu watunga istilahi. Mchapuko, neno ambalo vijana waliliona geni na la vitabuni, lilianza kutumika nje ya darasa baada ya ubeti huu. Neno kani tayari lilikuwa na asili nzuri: katika Kiswahili cha zamani hutaja nguvu na pia ukaidi wa mtu anayeshikilia jambo, na gimba linalosukumwa nalo lina ukaidi wake. Tungamo likaingia bila taabu. Baadhi ya istilahi nyingine zilikataa katakata kuingia katika mizani, nasi tukarudi kuzieleza kwa maneno mengi. Kamusi hulipa neno cheti cha kuzaliwa. Kuimbwa hulipa miguu.

Milango ya siri ya Kiswahili

Nilisema utani wa Maxwell haukuvuka. Lakini Kiswahili kina maneno yake yenye maana mbili, na washairi ndio wenye funguo zake.

Chukueni mkondo. Mvuvi husema mkondo wa maji, fundi husema mkondo wa umeme, na mfano wa kwanza husaidia kuuelewa wa pili: maji hupita kwa taabu katika bomba jembamba, na umeme hupita kwa taabu katika waya mwembamba. Au chukueni wimbi. Msikilizaji wa pwani haambiwi wimbi ni nini. Ameona mtumbwi ukipanda na kushuka mahali pamoja huku wimbi likipita chini yake kwenda ufukweni. Huo ndio moyo wa somo lote: wimbi husafirisha nishati, maji yenyewe hayasafiri nalo mpaka ufukweni.

Chukueni neno marudio, ambalo hutumika kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Mshairi akilisikia hukumbuka kibwagizo. Uzi wa udi unaotetema mara 440 kwa sekunde hutoa noti moja. Ukiubana katikati, ubaki nusu ya urefu, hutetema mara 880, na sikio husema ni noti ile ile iliyopanda ngazi. Vijana wa leo wana mfano ulio karibu zaidi, yaani singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa yetu ya uswahilini na ambao mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Wimbo wenye mapigo 240 kwa dakika una mapigo manne kwa sekunde, yaani hezi 4. Mwalimu akiligawanya hilo mbele ya darasa, hana haja ya kuomba utulivu.

Neno kazi lina utani wenye uchungu. Katika fizikia, kazi hufanyika pale kani inaposogeza kitu kuelekea upande wake. Mama anayeinua ndoo ya kilo 20 kwa mita moja amefanya kazi ya takriban jouli 200. Akisimama nayo kichwani saa nzima katika foleni, fizikia hudai kwamba hajaifanyia ndoo kazi yoyote. Wasichana wangu wa Temeke walilipinga jambo hili kwa hasira ya haki, kisha wakalitungia utani katika lahani ya harusini, wakimsuta bwana mmoja aitwaye Fizikia kwa kutojua shida za nyumbani. Baada ya wimbo ule, hapakuwa na msichana aliyesahau kwamba bila kusogea hapana kazi, wala aliyesahau kwamba misuli huchoka kwa sababu nyingine zilizo ndani ya mwili wenyewe.

Na tangu Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza safari kati ya Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco kule Kinondoni, mji mzima umelipa basi jina la istilahi ya fizikia: mwendokasi. Neno la daftari limepanda barabarani. Mwalimu kijana wa Kinondoni ana utani ambao Maxwell angeuonea wivu: basi likisimama kituoni kupakia abiria, mwendokasi wa mwendokasi ni sifuri.

Kicheko kinachofungua na kicheko kinachofunga

Sitaki kusifu kicheko bila kukiwekea mpaka, na historia ya fizikia ya nchi hii inatupa funzo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba mkoani Tanga, alitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya moto bila kungoja yapoe, akaona yameganda kabla ya yale yaliyowekwa yakiwa yamepoa. Alipouliza sababu hakuaminiwa, na kwa simulizi yake mwenyewe, fizikia ya Mpemba ikawa msemo wa kumdhihaki darasani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule yao. Wenzake wakamcheka tena. Osborne akaenda kulijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanasayansi hubishana kuhusu lini na kwa nini jambo hilo hutokea, na dunia nzima huliita kwa jina la Mpemba. Msemo wa dhihaka ukageuka jina la heshima.

Kwa hiyo nawaasa wanaopachika: kicheko na kiangukie mkokoteni, ndoo, basi, hata bwana Fizikia mwenyewe, kisimwangukie anayeuliza. Tashtiti hufungua mlango kwa mwoga na kumfungia mlango mwenye swali geni, kutegemea imeelekezwa wapi. Watunzi wetu wa mafumbo na majibizano wanalijua hili toka zamani.

Yapo pia mapungufu ya kweli. Mtihani wa taifa wa sekondari huandikwa kwa Kiingereza, na ubeti wa Kiswahili haumwandikii mtahiniwa jibu. Wimbo hautoshi badala ya maabara. Asiyewahi kushika waya na betri hatautambua mkondo kwa kuuimba. Lakini hakuna kati ya mambo haya linaloondoa faida ya daraja. Daraja hupimwa kwa wanaovuka.

Kazi hii haikuishia kwa kizazi chetu. Mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kurushwa TBC kikifundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili, na sasa hutazamwa katika nchi nyingine pia. Hicho hutunga nyimbo zake. Kupachika kubaki kazi ya mitaa, kwa kuwa hakuhitaji studio. Kunahitaji lahani inayojulikana na mtu anayejua kuhesabu mizani.

Nirudi basi kwenye swali nililoanza nalo. Istilahi huzaliwa kwa wataalamu, na tuwaheshimu kwa kazi hiyo. Hukomaa pale watu wanapoitumia bila kukumbuka kwamba ni istilahi, na njia fupi ya kufika hapo, katika lugha yetu, ni wimbo. Kama Kiswahili kitafundishia fizikia sekondari siku moja, hakitafika huko kwa waraka peke yake. Kitafika kwa kuwa maneno yake yatakuwa yamekwisha kukaa vinywani.

Malenga wanaosoma hapa wana kipimo ambacho wanafizikia hawana. Kani ina mizani mbili, tungamo tatu, nishati tatu, mkondo tatu, mchapuko nne, marudio nne, ukinzani nne. Kanuni ya Ohm yasema kwamba volteji ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani, na nusu ya mstari imekwisha kujitunga: "Mkondo kwa ukinzani". Ni mizani nane. Nusu ya pili itabidi ilibebe neno volteji, na humo mna herufi l na t zilizogandana kwa namna isiyo ya Kibantu. Wengine watahesabu mizani tatu, wengine nne. Nimewaachia. Anayeitatua na aichagulie lahani ambayo mtaa wake wote unaijua.